Chupi Saba za Afisa

Mtu wa kwanza kuniuliza mbele ya watu ninakausha chupi zangu wapi alikuwa yeye, na hata jina langu alikuwa hajaliuliza. Ilikuwa dukani, Kisii mjini, saa nne asubuhi. Wateja wawili wamesimama kwenye kaunta, meneja yupo, na mimi nimevaa sketi ya usaili niliyoiazima kwa dada yangu. Mama mzee, mrefu, gamboti miguuni na mkoba wa ngozi begani, akanikazia macho.

"Ndani au nje?"

Nikasema ndani.

"Chini ya leso?"

Ndiyo, chini ya leso.

"Zinanuka?"

Jamani! Wale wateja wakageukia rafu ya soksi wote wawili. Nikajibu kwamba wakati wa mvua, kidogo, zinanuka. Akamgeukia meneja: "Huyu hadanganyi. Nipe huyu." Hivyo nikapata kazi ya kuwa karani wake.

Kila mtu alimwita Afisa. Alikuwa afisa wa kilimo miaka mingi, akatembea milima yote ya Nyamira kwa miguu akifundisha watu kupanda na kupogoa, na alipostaafu serikali ilichukua pikipiki yake ikamwachia cheo. Chifu alimwita Afisa. Pasta alimwita Afisa. Nami hapa sitamwita vingine, maana alikuwa hapendi kabisa jina lake kuandikwa kwenye karatasi ambayo hajaisoma.

Kazi yenyewe, nikiwaeleza watu leo, wanacheka kwanza. Lile duka lilikuwa la kampuni iliyouza chupi za mianzi. Nyororo kweli, sisemi uongo, ukizishika unazitaka. Pakiti ilikuwa na picha ya kichaka cha mianzi kando ya mto, na maneno: *Kutoka mto wako hadi mwilini mwako. Rafiki wa mazingira.* Sasa kuna wanunuzi wa ng'ambo waliotaka kuzichukua kwa wingi, wakasema sawa, lakini tuonyesheni kwanza ripoti ya mtu asiye wenu kwamba hayo maneno ni ya kweli. Meneja, kijana mpole wa Nairobi mwenye viatu visivyojua matope, akatafuta mtu mzee anayejulikana na wakulima. Aliniambia mwenyewe baadaye, "Nilidhani ni mama wa kanisa tu, ataweka sahihi twende." Pole yake.

Lakini kulikuwa na jambo zito kuliko pakiti, na hilo ndilo lililomtoa Afisa nyumbani. Yule meneja alikuwa akizunguka milima ya juu ya Gesima akiwaambia wakulima kwamba kampuni itahitaji mianzi, mianzi mingi. Kuipanda mtoni, pale mikaratusi ilipokatwa, hakuna aliyekuwa na neno. Shida ni kwamba watu walishaanza kuitazama chai yao kwa jicho lingine. Na chai ukiing'oa umeing'oa. Ule mti aliupanda baba mkwe wako, ukakusomeshea watoto, huwezi kuurudisha msimu ujao ukijuta.

"Mtu ajue anang'oa chai yake kwa sababu ya nini," Afisa alisema siku ya kwanza tukipanda mlima. "Hiyo tu ndiyo ripoti. Mengine ni mapambo."

Namna yake ya kukagua ilikuwa ya kushikashika. Alichoma uzi akanusa moshi. Alilowesha kitambaa, akakikamua, akakilowesha tena, siku tatu mfululizo, akihesabu kwa sauti. Siku moja aliingia ofisini kwa meneja na kipande cha mwanzi kilichokatwa asubuhi hiyo, kibichi, kigumu, akakiweka juu ya meza katikati ya karatasi.

"Vaa," akamwambia.

Meneja akacheka. Afisa hakucheka.

"Nakuuliza kwa heshima. Huu ni mwanzi, na mwanzi hauvaliki. Ili uwe nyororo hivi, lazima uyeyushwe kwa dawa kali mpaka uwe uji, kisha uji uvutwe uwe uzi. Hiyo inafanyika wapi? Hapa Kisii nimezunguka, sijaona kiwanda. Hayo maji yenye dawa yanamwagwa mto wa nani?"

Meneja akasema hayo ni mambo ya kitaalamu. Afisa akasema vizuri, yeye ana muda. Alikaa kwenye kile kiti tangu saa tatu hadi wakati wa chakula cha mchana, mikono juu ya mkoba, bila kusema neno. Mwishowe kijana akafungua mlango wa stoo, na sote tukaona marobota. Kitambaa kilikuwa kimefika kikiwa kitambaa tayari, kutoka mbali, kwa meli. Hapa kilikuwa kikikatwa na kushonwa tu. Mianzi ya mto wa Gesima ilikuwa ya kupigwa picha.

Njiani kurudi nilimwambia kwamba sasa basi, kazi imeisha, tuandike ni waongo. Aliniangalia kama niliyemkanyaga. "Umeona robo ukataka kuandika kamili? Mianzi ile inashika ukingo wa mto vizuri kuliko mikaratusi. Hiyo ni kweli. Kitambaa kinaoza au hakiozi? Hujui. Watu wanakivaa muda gani kabla ya kukitupa? Hujui. Kaa na njaa yako, tuendelee."

Ndiyo maana kulikuwa na fomu. Maswali kumi, aliyatunga mwenyewe kwa Kiswahili cha redio, ngeli zote zimenyooka, mpaka kina mama wakawa wananiuliza nirudie kwa maneno ya kawaida. Swali la tisa ndilo alilonitesea siku ya kwanza: *Chupi hukaushwa wapi, ndani au nje?* Alisema chupi inayokauka gizani, kwenye unyevu, huota ukungu ikaisha haraka, na ikiisha haraka utanunua nyingine, na nyingine, na hapo huo urafiki na mazingira uko wapi?

Mtu wa pwani au wa Nairobi ataona ni swali dogo. Huku si dogo. Huku hakuna mwanamke anayeanika chupi nje. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa ni heshima, na ni kweli ni heshima, baba mkwe akipita asione. Ukikaa ukanywa chai ya pili, sauti ikishuka, utapata sababu nyingine: nguo iliyogusa mwili pale, ikiingia mikononi mwa mtu mwenye roho mbaya, anaweza kukufunga tumbo usizae. Akaifukia tu kwenye udongo, basi. Na msiwacheke Wakisii peke yao. Sisi ni watu wa ziwani, baba alikuja Kisii kuuza vipuri vya baiskeli, na mama yangu mpaka leo anakausha zake chini ya kitanda.

Kwa hiyo fomu zangu zilijaa *ndani, ndani, ndani.* Fomu moja tu ilisema *nje*, nayo ilikuwa fomu ya kwanza kabisa, ambayo Afisa alinijazisha kwa ajili ya mazoezi, yeye akiwa ndiye anayeulizwa.

"Swali la tisa," nikamsomea.

"Nje. Juani. Kwenye kamba, zikiwa wazi. Andika."

Na ndivyo zilivyokuwa. Ukikaribia nyumba aliyopanga kule juu, kitu cha kwanza kuona ni kamba yake, na juu yake chupi kubwa za nailoni, nyekundu na buluu, zikipigwa na upepo mbele ya chai ya watu. Nailoni! Mwanamke anayetusumbua wote kuhusu kitambaa kinachooza anavaa nailoni. Nilipomuuliza alisema alizinunua kabla hajajua, na akizitupa sasa atakuwa amefanya dhambi mara mbili. Ndivyo alivyokuwa. Alikataza mifuko ya plastiki na droo yake ilikuwa imejaa mifuko ya plastiki, imekunjwa, imepangwa kwa ukubwa. Alisema sukari itaua taifa hili akitia vijiko vinne. Alisema uchawi ni ujinga wa watu wasiosoma mvua, na nywele zikibaki kwenye kitana chake alizichoma moto kila asubuhi. Nikimtazama, anasema, "Usafi tu huo."

Makosa hakuyafuta. Hiyo ilikuwa sheria yake kubwa kuliko zote. Ukikosea kwenye fomu, unachora mstari mmoja tu juu ya neno, ili lile la zamani lisomeke, unaandika jipya pembeni, na mwenye neno lake anatia sahihi. Nilipomletea fomu iliyopakwa wino mweupe aliikunja akaitia motoni. "Unaficha nini? Kukosea si aibu. Hata kosa ni habari."

Sasa niseme la upweke wake, maana nimelizungukazunguka. Hakuwa na mume wala mtoto, na kwa hiyo hakuwa na ardhi. Kwao mashamba yalikwenda kwa kaka zake, na kaka walikwenda na wake zao. Alikuwa amewafundisha nusu ya wakulima wa milima ile, na hakuna aliyeingia kwake kuketi. Jumamosi, kanisani kwao Wasabato, alikaa mwisho wa benchi, na kati yake na mtu wa pili palibaki nafasi ya mtu mmoja. Ibada ikiisha watu huitana kwa chakula, twende kwangu, twendeni kwetu. Yeye alifunga mkoba akashuka njia peke yake. Niliyaona hayo siku moja tu nilipolala Gesima kwa ajili ya kazi, nikafikiri ni siku mbaya tu ya mtu. Baadaye nikaelewa kwa nini simu yangu ililia kila Jumamosi alasiri.

"Fomu ya ishirini," angesema bila salamu. "Yule mama alisema ana watoto wangapi?"

"Watano, Afisa."

"Watano. Sawa. Huko mjini kuna mvua?"

Fomu ya ishirini ilikuwa mbele yake. Nakala zote alikuwa nazo. Nami nilikuwa na marafiki zangu, tumekaa tunakula viazi, nikamjibu kwa mkato nikakata. Leo ningempigia mimi, tena ningeuliza juu ya mvua kwanza. Inaniuma, acha niseme hivyo tu.

Mara moja nilimsikia akiligusa mwenyewe, kwa mzaha. Tulikuwa tumechuchumaa kwenye udongo, mikono michafu. "Mimi watanizika wapi?" akasema. "Wanizike hapa na hizi. Tuone nani ataoza kwanza." Akacheka sana. Nikacheka kidogo.

Hapo tulikuwa tukifukia chupi. Hakuna njia nyingine ya kujua kama nguo inaoza, isipokuwa kuizika na kungoja. Tulizika saba: tano za kampuni na mbili za pamba tulizonunua mtumba, ili tulinganishe. Aliziosha zote kwanza kuondoa dawa ya dukani, kwa hiyo hazikuonekana mpya tena. Tatu tulizifukia nyuma ya nyumba yake, nne kwenye ukingo wa chai ya jirani yake, Mama Moraa, ambako udongo ulikuwa mwekundu zaidi. Nilichora ramani kwenye daftari langu: hatua ngapi kutoka kwenye ua, hatua ngapi kutoka kwenye mti. Tungezifukua baada ya miezi minne, halafu angesoma ripoti hadharani, pale kwenye kituo cha kuuzia majani, wakulima wote wasikie kabla ya kugusa chai.

Mama Moraa alikuwa ameombwa ruhusa. Aliambiwa ni kupima udongo. Hakuambiwa tumezika nini. Nilimuuliza Afisa kwa nini, akasema akiambiwa atafukua kila wiki atazame, na matokeo yataharibika. Mtu aliyekuwa na swali la tisa kichwani usiku na mchana, aliyejua vizuri kuliko sisi sote watu wanasema nini juu ya chupi na udongo, hakuliona hilo. Au aliliona akalidharau. Sijui mpaka leo.

Mama Moraa alikuwa na mke wa mwanawe pale nyumbani, mwaka wa nne wa ndoa, bila mtoto. Mwezi wa tatu wa kungoja, asubuhi moja, Mama Moraa alikuwa akilima kipande kidogo cha kupanda mboga ya chinsaga karibu na ukingo ule, jembe likaibua kitambaa. Akakivuta. Chupi ya mwanamke, imeoza nusu, hatua chache kutoka dirisha la mkamwana wake.

Simu ilinikuta dukani. Sauti ya Afisa ilikuwa tulivu, lakini nyuma yake nilisikia watu wengi.

"Njoo na daftari," akasema. "Ramani iko kwako. Wao hawanisikii mimi, wewe ni mgeni, watakusikia. Waonyeshe tu tarehe na vipimo, waone ni kazi."

Nikasema nakuja. Wallahi nilisema nakuja. Nikachukua daftari, nikalifungua nihakikishe ramani ipo, na hapo nikasita mlangoni. Maana daftari lile halikuwa na ramani tu. Lilikuwa na majina ya wanawake wa mlima mzima, mmoja mmoja, na kila jina limeandikiwa chupi zake ni ngapi na anazikausha wapi. Nilijiona nikifika pale, msichana wa ziwani, nimelishika mkononi. Nani angenisikia? Meneja naye akasema, "Usiende. Ukienda itakuwa jina la kampuni. Acha itulie." Nikakaa. Nikakunja pakiti siku ile nzima. Simu ililia mara mbili tena, nikaiweka chini ya marobota.

Nilikwenda siku ya tatu. Nyumba ilikuwa imefungwa na kamba ya nguo imekatwa. Mzee wa kijiji ndiye aliyenisimulia. Watu walichimba kote wakapata chupi sita kwa jumla, wakazipanga kwenye nyasi. Afisa alisimama mlangoni akieleza habari za kuoza na kutooza, kwa kile Kiswahili chake cha redio kisha kwa Ekegusii, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kusogea. Mtu akauliza, sasa mtu gani anafukia nguo ya ndani ya mtu? Mwingine akasema, na mbona yeye anaanika zake nje bila kuogopa? Sisi wote tunaficha. Asiyeogopa kuchukuliwa, si ndiye anayechukua? Hapo neno *omorogi* likatoka, mchawi, na likishatoka kwa mama mzee asiye na mume wala mtoto, halirudi. Chifu alikuja na gari akamtoa kabla mkono haujainuliwa. Mungu ampe maisha marefu. Aliondoka na mkoba tu.

"Alikuwa anaangalia barabara," mzee akaniambia. "Alisema kuna msichana anakuja na kitabu."

Ripoti haikusomwa. Kampuni ilitoa kijitabu chake kizuri, chenye picha ya mianzi. Mama Moraa aling'oa mistari sita ya chai, wengine wakang'oa zaidi. Mianzi ilikua, ni mti usio na uvivu, lakini wa kuja kuinunua hakuja. Siku hizi lile duka linauza vifuniko vya simu. Nami nikapata kazi kwenye duka la kuchapisha, palepale mjini, nikawa naliona daftari kila nikifungua sanduku langu. Miaka mitatu, fikiria. Mtu unalala na kitu chumbani miaka mitatu.

Ilikuwa mama mmoja muuza ndizi, amekuja kuchapisha kadi za mazishi, aliyetaja kwamba kule Nyamache, nyuma ya soko, kuna omong'ina mmoja, mama mzee, anayepanga chumba, anafundisha watu kutengeneza mbolea kwa maganda ya ndizi na anawakaripia kama watoto. Sikuuliza jina.

Lakini sikwenda Nyamache kwanza. Nilikwenda Gesima, mchana kweupe, nikiwa na daftari mkononi. Mama Moraa alikuwa kwenye mianzi yake, anakata ya kutegemeza ndizi. Nikamwambia mimi ni nani. Nikafungua ramani, nikamsomea tarehe, vipimo, saba, nyuma tatu, hapa nne. Nikamwambia mlipata sita; akanionyesha palipochimbwa. Nikahesabu hatua mbele yake, kumi na moja kutoka kwenye ua, nikaomba jembe.

Ilikuwepo. Kitambaa kilikuwa kimekwisha kabisa, kimekuwa udongo. Ulibaki mpira wa kiunoni, umejikunja, na lebo ndogo ya nailoni ikiwa na rangi zake zote. *Rafiki wa mazingira.* Mama Moraa akaipangusa udongo kwa kidole.

"Na mbona wewe hukusema ile siku?" akaniuliza.

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa," akasema. Akafuta mikono kwenye leso yake. "Yule mkamwana wangu alienda kwao. Alipata mtoto huko." Kisha akaingia nyumbani, akatoka na chinsaga amefunga kwenye jani la mgomba. "Mpelekee. Mwambie hii imetoka kwa kale kashamba ketu ka ukingoni."

Chumba cha Nyamache kilikuwa cha mwisho kwenye ploti ya mabati, mlango unatazama uani, na uani jua limejaa. Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua, urefu ule umeinama kidogo begani, lakini gamboti zilikuwa zilezile.

"Umechelewa," akasema.

Nikaanza kulia, upumbavu mtupu, nimesimama na chinsaga mkononi. Nikaanza kueleza, daftari, majina, meneja, hofu. Akaniacha niseme mpaka niishe, halafu akanipa kiti na kujaza kikombe. Vijiko vinne. Sikuambiwa nimesamehewa wala sikuambiwa sijasamehewa. Aliuliza, "Ile ya saba?"

Nikatoa mpira na lebo. Akaenda navyo mlangoni penye mwanga, akavaa miwani, akauvuta ule mpira. Ukarudi mahali pake, mzima. Akaisoma ile lebo kwa sauti, akacheka, kicheko kilekile cha siku tulipokuwa tumechuchumaa, mpaka akashika ukuta.

"Andika," akasema. "Kitambaa, kimeoza. Mpira, haujaoza. Maneno, hayajaoza."

Nikaandika. Nikamweleza za Mama Moraa, kwamba nimemwonyesha, kwamba amejua, kwamba ndiye aliyetuma hii mboga. Alilipokea lile fungu la jani la mgomba, akalinusa, akaliweka mezani polepole.

"Mbona hakuja mwenyewe?"

Akaingia nyuma ya pazia kutafuta sufuria, na mimi, nikitafuta pa kuweka macho yangu, nikatazama juu. Kulikuwa na kamba kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya kitanda. Juu ya kamba, leso. Chini ya leso, ncha nyekundu na ncha ya buluu zimejitokeza. Na nilipotulia niliisikia ile harufu, harufu ya nguo isiyofika juani, ile niliyoikiri mbele ya wateja nikiwa na sketi ya kuazima.

Sikufikiri. Nilisimama, nikaifunua leso, nikazikusanya zote mikononi. Uani kulikuwa na kamba tupu na jua la saa saba. Nilikuwa nimeshavuka kizingiti aliposema nyuma yangu.

"Acha."

Nikageuka.

"Kuna majirani, mwanangu," akasema taratibu. "Hapa hawajui lolote. Acha."

Nikazirudisha moja moja. Alinisaidia kuinyoosha leso juu ya kamba, akavuta pembe zote ili kisionekane kitu. Kisha akaketi, akavuta kikombe chake, akalisogeza daftari upande wangu.

"Fomu ya kwanza unayo?"

Nilikuwa nayo, ndani ya daftari. Karatasi imeshaanza kugeuka njano.

"Swali la tisa," akasema. "Si kweli tena. Rekebisha."

Nikashika kalamu. Nikachora mstari mmoja tu juu ya *nje*, kama alivyonifundisha, ili lisomeke. Pembeni nikaandika *ndani*. Akaichukua ile karatasi, akaisoma yote kuanzia juu, polepole, kisha akatia sahihi.